Koti la Tanuru

Turbo tuliitoa kwenye Audi iliyogongwa,
soko la magari la Rustavi, lari mia mbili na arobaini,
muuzaji akaapa kwa kaburi la shangazi yake
kwamba haivuji oili.
Haikuvuja. Hilo tumpe.

Tsotne akaipachika kwenye Lada ya marehemu baba,
wiki tatu za usiku, taa kichwani, sigara sikioni,
na siku ilipowaka mara ya kwanza
ikapiga mluzi mwembamba, kama birika la jirani
ambaye hujui kama yupo nyumbani.

Lakini moto.
Moto haukuambiwa kwamba humu mna wapangaji wengine.
Kwanza ulilila kopo la mafuta ya breki,
likainama taratibu kama mtu anayesinzia kanisani.
Kisha nyaya: ngozi zao zikachuruzika,
nyekundu ikaingia katika kijani,
honi ikalia yenyewe
kutoka daraja la Mtkvari hadi mlangoni kwetu.

Kaka yangu ni mtu wa kufunga.
Akilia hufunga mlango. Akidaiwa hufunga simu.
Akaizungushia manifoldi bandeji ya nyuzi za kioo,
mzunguko juu ya mzunguko, akakaza kwa waya,
mpaka ikafanana na mguu wa majeruhi.
"Sasa moto utakaa ndani," akasema.

Ukakaa ndani.
Ukakaa ndani mpaka kona ya tisa ya mpando wa Gombori,
hapo chuma cha kusubu kikasema ta!
neno moja tu,
na ufa ukafunguka, mpana wa kupitisha ukucha.

Tuliburutwa hadi nyumbani na lori la zabibu.
Mama akatoka na ndala. Hakutukana.
Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya tanuru
pale kiwanda cha chuma;
unyusi wake wa kushoto haukuota tena.
Akainama chini ya boneti kama anayechungulia chungu cha mtu mwingine.
"Wanaosema dawa ya moto ni moto," akasema,
"hawajawahi kulipwa mshahara wa motoni.
Dawa ya moto ni nafasi."

Akaweka vidole viwili kati ya turbo na ukuta.
"Hapa pawe na hewa. Hewa isiyofanya kitu
ndiyo inayofanya kazi.
Na kule nyuma mtoboe boneti. Mgeni huyu
hamuwezi kumzuia asije,
mwonyesheni basi mlango wa kutokea."

Akaingia ndani, akarudi na koti lake la kazini,
zito, la rangi ya fedha, limekunjika viwikoni,
kifuani namba yake: 0417.
"Mama, kweli?"
"Linalinda nini kabatini? Nondo?"

Tulilikata kwa mkasi wa kuku.
Mkono wa kushoto ukawa blanketi la turbo,
nikaushona mwenyewe kwa waya usioshika kutu,
vidole vikatoka damu sehemu tatu.
Mgongo ukafunika ukuta wa injini.
Sinia la kuokea likawa ngao ya nyaya,
na tangu hapo keki zetu
huokwa kwenye kikaango.

Jumapili tulipanda tena Gombori, mama kiti cha mbele,
mkono juu ya dashibodi kama anayempima mtoto homa.
Kona ya tisa. Ya kumi. Akaomba mbegu za alizeti.

Tuliporudi, Tsotne akashika ufunguo.
Mama akampiga kofi la vidole.
"Usiizime ghafla. Imetoka mbali.
Iache oili ipite, ibebe kilichobaki."

Dakika mbili, injini ikinong'ona.
Ndani ya dakika hizo kaka yangu, mtu wa kufunga,
alisema jambo kuhusu baba
ambalo sitaliandika hapa.
Hakuna aliyemjibu. Palikuwa na hewa tu,
vidole viwili hivi.

Kisha ufunguo.
Chuma kikaanza kupoa kwa sauti,
tik,
tik.
Mama ameshashuka, anatafuta ndala gizani.